Uwele wa Mtani

Kuna watu hupewa ushauri wa bure mpaka ushauri wenyewe ukageuka mzigo, na Yasinta Kihwele alikuwa mmoja wao. Kila aliyemkuta ameinamia kompyuta pale ofisini Chimwaga alimwachia mbinu yake ya kuandika CV. Huyu alimwambia aanze na elimu, yule akasema aanze na uzoefu, mwingine akamwonya kwamba picha iwe na tabasamu la wastani, asije akaonekana ana shida. Yote hayo aliyafanya. Kilichomshinda ni sehemu moja tu, iliyoandikwa "Machapisho", ambayo chini yake palikuwa peupe.

Na msidhani palikuwa peupe kwa uvivu. Miaka miwili nyuma, mradi wa mbegu za asili ulimpeleka Mlali, wilayani Kongwa, akakaa huko msimu mzima wa mavuno. Alilalia godoro la kuazima nyumbani kwa katekista, akala ugali wa uwele na mlenda mpaka nguo zikambana, akazunguka nyumba kwa nyumba akiuliza: mbegu hii mnaiitaje, mmeirithi kwa nani, kwa nini mnaiweka akiba. Dokta Fulgence, msimamizi wa mradi, alifika siku moja, akapigwa picha ameshika suke, akarudi mjini kabla vumbi halijamkaa kwenye viatu. Makala aliiandika Yasinta, mwanzo hadi mwisho, kwa Kiingereza kilichomtoa jasho. Ilipotoka kwenye jarida ilikuwa na jina moja, la Dokta Fulgence. Wasaidizi wa uwandani walishukuriwa kwa jumla kule mwisho, bila majina, pamoja na dereva.

Alimuuliza mara moja tu, tena kwa sauti ya mtu anayeomba maji.

"Dokta, naona kwenye ile makala jina langu halipo."

Dokta Fulgence hakukasirika. Heri angekasirika. Alivua miwani, akaifuta na tai, akamtazama kwa huruma kabisa.

"Binti, kazi ya mradi ni ya mradi. Na mradi ni wa nani? Mimi mwenyewe nilianza hivyo hivyo. Zamu yako itafika."

Yasinta akasema asante. Ndiyo, alisema asante, na mnaomcheka hamjawahi kuishi kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja unaosubiri saini ya mtu huyo huyo. Tena ndiye aliyekuwa mdhamini wa kwanza kwenye CV yake, kwa sababu tangu amalize shahada ya uzamili hakuwahi kufanya kazi chini ya mtu mwingine. Rasimu zote zilikuwa kwenye kompyuta ya ofisi, madaftari ya uwandani yalikabidhiwa mradini na kufungiwa kabatini, na funguo zilikuwa mfukoni mwa Dokta. Angekwenda kumshtaki kwa nani, na akiwa ameshika nini mkononi?

Sasa likatoka tangazo. Chuo kimoja cha kilimo hapo hapo mjini kilitaka mhadhiri msaidizi, ajira ya kudumu. Yasinta alilisoma mara tatu. Hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kutoka chini ya kidole cha Dokta Fulgence, na hakuiona nyingine. Sharti lilikuwa jepesi kulisoma: mwombaji awe na angalau chapisho moja la kitaaluma.

Dokta alilisikia tangazo hilo kabla hata hajaambiwa. Akamwita.

"Nimekufikiria," akasema. "Nina makala ya umwagiliaji wa zabibu inakaribia kutoka. Nitakuongeza jina, uwe wa tatu. Uiweke kwenye CV yako, mimi nitakuandikia barua nzuri ya udhamini. Ila na wewe nisaidie. Naomba uprofesa mshiriki, na CV yangu imekaa shaghalabaghala. Ipange vizuri. Utafiti uonekane."

"Dokta, mimi zabibu sijazigusa."

"Zabibu hazigusiki? Nenda sokoni kazinunue," akasema, akacheka peke yake.

Mnaona mambo hayo. Kazi aliyoifanya haina jina lake, na kazi asiyoifanya inapewa jina lake kama peremende. Yasinta alirudi mezani kwake amejaa hasira mpaka vidole vinagonga herufi zisizo zake. Lakini CV ya Dokta aliipanga. Aliipanga vizuri, maana hajui kufanya kazi mbaya, na huo nao ni ugonjwa. Kwenye mafanikio ya utafiti, kama alivyoagizwa, aliweka juu kabisa: mtafiti wa kwanza kuweka kwenye kumbukumbu mbegu ya uwele ya Mlali isiyojulikana kwa wanasayansi. Halafu likafuata jina la mbegu, kwa Kigogo, kwa herufi za mlazo.

Jina hilo mimi silitaji hapa. Kwanza ulimi wangu haulimudu, pili wenye lugha yao wataniuliza nani kanituma.

Aliyelisoma kwa sauti ni Anitha, katibu wa idara, Mgogo wa Buigiri, aliyekuja kuchukua karatasi za kuchapia. Alilisoma mara moja. Akalisoma tena taratibu. Kisha akakaa chini kwenye sakafu, mkono tumboni, akacheka mpaka kilemba kikamtoka.

"Nani kawapa hili jina?"

"Bibi mmoja Mlali. Bibi Dorkasi. Kwani vipi?"

"Hili si jina la mbegu, dada yangu. Hii ni sentensi nzima, imesemwa haraka haraka. Ina maana: mfungieni ndani, wamefika."

"Tumfungie nani?"

Anitha alifuta machozi. "Mbwa. Si umekwenda Mhehe?"

Hapa hakuna haja ya kuwaeleza sana. Wagogo na Wahehe ni watani wa tangu na tangu. Mgogo akimwona Mhehe mlangoni atauliza mbwa wake yuko wapi, kwa madai kwamba Mhehe humla, na Mhehe naye atamrudishia kwamba ninyi ombaomba mbwa mmempata wapi. Wanatukanana hivyo hata msibani, na hakuna anayenuna. Yasinta mwenyewe utani huo aliujua kwa Kiswahili tu. Amezaliwa Mafinga, baba mwalimu, nyumbani wanazungumza Kiswahili, Kihehe chenyewe anakisikia kwa mbali. Kigogo ndiyo kabisa.

Akaikumbuka siku ile. Bibi Dorkasi alikuwa anapeta uwele uani na wanawake wenzake. Alimuuliza, mjukuu wangu wewe wa wapi, naye akajibu kwa heshima zote, mimi Mhehe, bibi. Wanawake wakatazamana. Alipouliza jina la ule uwele wenye suke refu, bibi akafikiri kidogo, akalitamka, naye akaandika. Na wala hakuridhika na mtu mmoja. Alifundishwa kwamba jina lithibitishwe kwa watu wengine, kila mmoja nyumbani kwake, wasisikilizane. Akaenda kwa jirani, akaenda kwa jirani wa jirani, akaenda mpaka kwa mke wa mchungaji. Wote waliitikia kwa uso mkavu: naam, ndivyo unavyoitwa. Mtani akishaanzisha, nani amharibie? Kijiji kizima kilimfungia mbwa, na kitabu chake cha mbinu za utafiti hakikuwa na sura ya jambo hilo.

Jumamosi akaenda Mlali. Bibi Dorkasi alimpokea kwa vigelegele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mtani. Umekuja na njaa ile ile?"

Yasinta alijaribu kutabasamu, mashavu yakakataa. Akamweleza yote, kwamba jina lile limeandikwa kwenye jarida, linasomwa Ulaya, na ni utafiti. Bibi alisikiliza ungo ukiwa mapajani.

"Kumbe na utani mnauandika?" akauliza. Hakuwa anacheka tena. "Mimi nilijua umejua. Mhehe gani hajui habari ya mbwa?"

"Na uwele wenyewe, bibi, unaitwaje hasa?"

"Uwele tu. Ni huu huu wa siku zote, umelimwa kwenye kichuguu, ndiyo maana ukarefuka."

Aliporudi mjini alikuwa na kopo la uwele aliopewa kuondolewa machungu, na kichwa kinachouma. Fikirini alivyobanwa. Katika maisha yake yote ya usomi alikuwa amepata kitu kimoja tu kinachothibitisha kwamba kazi ile ni yake. Dokta Fulgence ni mtu wa Bukoba. Hakuna bibi wa Kigogo ambaye angemwambia mtu wa Bukoba maneno yale, yasingekuwa na maana yoyote. Maneno yale aliambiwa Mhehe, na Mhehe kwenye mradi ule alikuwa mmoja. Lakini uthibitisho wenyewe ndio aibu yenyewe. Akisema kazi ni yangu, anasema na kosa ni langu. Akinyamaza, kazi si yake, na Dokta anapanda uprofesa kwa mgongo wa mbwa.

Anitha alimshauri achukue zabibu. "Chukua, mwaya. Nani atakuuliza?"

Alizifikiria sana zabibu. Aliiandika makala ile kwenye CV, akaifuta, akaiandika, akaifuta. Alijiona mbele ya jopo akiulizwa habari ya matone na mabomba ambayo hajawahi kuyaona. Tena angekuwa ameingia kazini kwa jina la kupewa, na aliyempa angeweza kumnyang'anya siku yoyote atakayotaka. Mwisho akajipa moyo. Makala ya uwele ilikuwa na mbegu nyingi, na majina mengine yote yalikuwa ya kweli, aliyahakiki tena kwa Anitha moja baada ya jingine. Kweli, jina lile moja liko kwenye kichwa cha makala. Lakini aliyelipeleka pale ni Dokta mwenyewe, maana yeye Yasinta alikuwa ameliweka katikati ya jedwali. Basi chini ya "Machapisho" akaandika jina la makala, jarida, mwaka, na maneno haya: utafiti na uandishi ni wa mwombaji, ilichapishwa kwa jina la msimamizi.

Akatuma.

Aliitwa kwenye usaili. Jopo liliongozwa na Profesa Restuta, mama mkavu asiyependa maneno marefu. Pembeni yake alikaa Dokta Nathanaeli, mzee wa kilimo aliyekaribia kustaafu, Mgogo wa Mvumi. Wengine wawili walikuwa wanaandika tu.

"Hapa unadai makala iliyo na jina la mtu mwingine," alisema Profesa. "Hilo ni jambo zito. Una rasimu?"

"Ziko kwenye kompyuta ya ofisi, Profesa."

"Daftari?"

"Limefungiwa mradini."

"Shahidi?"

Mashahidi wa Yasinta walikuwa wanapeta uwele Mlali.

Wakati huo Dokta Nathanaeli alikuwa ameishika nakala ya makala. Alisoma kichwa, midomo ikimcheza. Akaisogeza karibu na macho. Akaisogeza mbali. Kisha akauliza swali ambalo kwenye usaili haliulizwi.

"Binti, samahani, wewe kabila gani?"

Profesa Restuta alimgeukia kwa jicho kali.

"Mhehe," alisema Yasinta.

Basi mzee yule alivua miwani, akajifunika uso kwa leso, mabega yakawa yanamruka. Alipopata pumzi alimweleza mwenyekiti, kwa adabu, maana ya lile jina na desturi yenyewe. Waandishi wawili waliacha kuandika. Hata Profesa Restuta alilegea pembe za mdomo.

"Mwandishi wa makala anatoka wapi?" aliuliza Profesa.

"Bukoba," alijibu mzee. "Huyu bibi asingepoteza utani wake kwa mtu wa Bukoba. Aliyekaa naye ni huyu binti. Mimi sina shaka."

Profesa aliitikia kwa kichwa. "Hata mimi sina. Kazi ni yako, Yasinta."

Jamani, maneno hayo aliyangoja miaka miwili. Alitaka kulia, alitaka kumkumbatia yule mzee, alitaka kukimbia mpaka Mlali. Furaha ilimpanda mpaka kooni, ikakaa hapo kwa muda wa kumeza mate.

"Sasa," akaendelea Profesa, kwa sauti ile ile, "wakati unaandika ulijua maana ya jina hili?"

"Hapana, Profesa."

"Ulijua lini?"

Angeweza kudanganya. Angesema nimejua sasa hivi, hapa hapa, na nani angembishia? Lakini mtu aliyekuja kudai ukweli wake ataanzaje kusema uongo akiwa bado amesimama mlangoni?

"Kabla sijatuma maombi."

"Yaani ulijua kwamba mbegu hii haipo, ukaiweka kwenye CV kama mafanikio yako ya utafiti."

"Mbegu nyingine zote ni za kweli, Profesa. Jina hilo sikuliweka mimi kwenye kichwa."

"Si umetuambia uandishi ni wako?"

Dokta Nathanaeli aliikunja leso yake vipande vidogo vidogo, akaitazama meza. Profesa alimshukuru Yasinta kwa kuja, akamwambia atoke kwa mlango wa kushoto.

Kazi hakupata. Chuo kiliandikia jarida, kama utaratibu ulivyo, na jarida likamwandikia Dokta Fulgence. Yasinta alisubiri kufukuzwa. Alianza hata kukusanya vitu vyake kwenye mfuko wa plastiki. Dokta alimwita, akamkaribisha kiti, akamimina chai mwenyewe.

"Ungeniambia," alisema. "Hata hivyo nimekulinda. Habari za mbwa sikuzitaja. Nimewaandikia kuwa taarifa za uwandani zilikuwa na kasoro, na mimi kama mtafiti mwadilifu naomba makala iondolewe. Jopo langu la uprofesa limelipenda jambo hilo sana." Akamsogezea karatasi juu ya meza. "Na mkataba wako nimeurefusha. Ungekwenda wapi sasa, binti?"

Yasinta alitazama karatasi. Alijua jibu la swali lile, na Dokta alijua kwamba analijua. Kalamu ilikuwa tayari imefunguliwa kifuniko. Akatia saini.

Tangazo la jarida lilitoka mwezi uliofuata. Lilikuwa fupi, mistari michache tu kwa Kiingereza: makala imeondolewa kwa sababu ya makosa ya msingi yaliyofanywa uwandani na msaidizi wa utafiti, Yasinta Kihwele. Jina liliandikwa kamili, bila kukosewa hata herufi moja. Tangu siku hiyo, mtu yeyote mwenye kazi ya kutoa, akiliandika jina lile kwenye mtandao, hicho ndicho kitu cha kwanza kuona, na cha pili hakipo.

Siku mbili baadaye mama yake akapiga simu kutoka Mafinga. Kelele zilikuwa nyingi nyuma yake, watu wanacheka, sufuria zinagongana. Kumbe binamu yake mmoja alikuwa amelitafuta jina lake kwenye simu akalikuta, na ukoo mzima umekusanyika. Mama Kiingereza hakukijua, baba naye macho yalikuwa yamekwisha kwa kisukari. Binamu alikuwa amesoma jina tu na jina la jarida, kwa sauti, mbele ya watu.

"Mwanangu, wamekuandika," mama alisema, akilia. "Baba yako amesema Jumapili tutoe shukrani kanisani. Tumekwenda kulichapisha stesheneri, padri atalisoma mwenyewe altareni, yeye Kiingereza anakijua vizuri. Hebu niambie, mama, wamesemaje?"

Yasinta alikuwa amesimama koridoni, mgongo ukutani. Ndani ya ofisi Profesa mshiriki mpya alikuwa anamwita, mara ya pili sasa.

"Wamesema kazi ni yangu, mama," akajibu.